Shingo ya Oiva na Mashine ya Theluji

Kwa majira thelathini na moja ya baridi, Oiva Kemppainen alifanya kazi yake akirudi kinyumenyume. Mashine yake ya kurusha theluji ilifungwa mkiani mwa trekta, pale inapotoka shafti ya nguvu, na mashine ya namna hiyo haili theluji mpaka trekta irudi nyuma kuifuata. Kwa hiyo alikaa kitini miguu imeelekea huku na uso kule, mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia umekumbatia mgongo wa kiti, kidevu juu ya bega. Kilomita sita upande mmoja wa barabara hadi mwisho wa ziwa, kilomita sita upande wa pili hadi njia kuu, kabla watu hawajaamka.

Barabara yetu si ya serikali. Ni ya sisi tunaokaa kando yake, na wenye nyumba za likizo wanaokuja kiangazi na kuondoka kabla majani hayajaanguka. Nyumba zinazotoa moshi wakati wa baridi ni saba tu. Yangu ni ya tatu, ya akina Kemppainen ni ya tano. Aliyefanya barabara ifunguliwe mapema vile hakuwa mtu. Lilikuwa gari la maziwa, lililofika kwa Lahja, mke wa Oiva, saa kumi na mbili asubuhi kila siku ya pili. Lahja alikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Gari likikwama, maziwa yanamwagwa. Halikuwahi kukwama.

Shingo ilikauka polepole, kama mti unavyokauka, ukianzia upande mmoja. Mwanzo alishindwa kugeuka kushoto. Kanisani alichagua kiti cha mwisho kushoto ili wote wawe upande wake wa kulia. Ukimsalimu kutoka upande mbaya aligeuka mwili mzima, kama mlango.

"Mzee, sisi wengine tunaijua barabara hii kwa macho," Reino, jirani yake wa nyumba ya nne, alimwambia siku moja dukani. "Wewe unaijua kwa matako."

"Na bado naijua kuliko wewe."

"Siku ukifa, Mungu ataona mgongo kwanza."

"Atanitambua. Ameuona miaka mingi."

Watu walicheka, na Oiva naye alicheka, lakini alicheka akitazama rafu ya unga, kwa sababu Reino alikuwa amesimama kushoto.

Kisha vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Daktari wa mjini Kajaani alimwonyesha picha ya mifupa yake, pingili tatu zimeshikana kama mishumaa iliyoyeyuka.

"Baridi moja tena, labda mbili," daktari alisema. "Baada ya hapo mkono huo hautashika kitu. Mwambie mwenye trekta akutafutie kazi nyingine."

"Mwenye trekta ni mimi."

"Basi jiambie."

Alitoka hospitalini akaenda moja kwa moja kwa muuza mashine. Kulikuwa na mashine ya kufungwa mbele, nyekundu, yenye mdomo wa mita mbili na nusu. Oiva aliizunguka mara mbili, akaipiga teke kidogo pembeni kama mtu anayejaribu ng'ombe mnadani.

"Ya mbele, unakwenda unakotazama," muuzaji alisema. "Kama binadamu."

"Na ya nyuma?"

"Ya nyuma ni rahisi kwa bei, haina mambo mengi, nguvu inaipata moja kwa moja. Uzito unakaa kwenye magurudumu makubwa. Sitakudanganya, ni mashine nzuri. Lakini wewe, mzee wangu, nikuuzie ya nyuma na shingo hiyo? Nitalala vipi?"

"Kuna kamera siku hizi."

"Kamera! Dakika tano imejaa vumbi la theluji, unatazama maziwa."

Oiva alipitisha kiganja juu ya ile nyekundu. Kisha akauliza alilokuwa akilijua. "Na mikono ya kunyanyulia?"

Muuzaji akakuna sikio. Trekta ya Oiva ilikuwa na mikono miwili ya chuma mbele, ambayo kila asubuhi na kila jioni ilibeba robota la nyasi la kilo mia saba kutoka uwanjani na kuliweka mlangoni mwa zizi. "Hiyo itabidi itoke. Panataka shafti ya mbele, panataka fremu yake. Mahali pa kufungia ni pale pale."

"Kutoa na kurudisha ni muda gani?"

"Kiangazi, saa nzima. Kwenye baridi ya nyuzi ishirini na tano, mabomba ya mafuta yameganda mikononi... Unajua mwenyewe. Mara mbili kwa siku haiwezekani. Labda trekta ya pili."

Trekta ya pili haikuwepo wala isingekuwepo. Hivyo yale maneno mawili, mbele na nyuma, ambayo kwa muuzaji yalikuwa kurasa mbili za kitabu cha bei, Oiva alirudi nayo nyumbani kama kitu kingine kabisa. Nyuma ilitaka mkono wake. Mbele ilitaka ng'ombe wa Lahja.

Walikula supu ya samaki na viazi. Aliyoyasema Oiva mezani aliniambia mwenyewe miaka miwili baadaye, neno kwa neno, na hayakuwa mengi.

"Ya mbele wanasema ni nzuri."

"Wanasema," Lahja alijibu.

"Lakini mikono ya kunyanyulia itatoka."

"Lazima itoke."

"Na marobota hatutaweza kuyabeba."

Lahja aliinuka, akaosha bakuli lake, akalifuta, akalifuta tena. "Shingo ni yako, baba," alisema.

Ndivyo walivyoamua. Kwetu asiyesema hapana amekubali. Tumezaliwa hivyo, mikutano yetu, urithi wetu, hata posa zetu hupita kwa njia hiyo, na mtu anayeuliza mara ya pili huonekana hana adabu, kama anayekutilia shaka. Oiva hakuuliza mara ya pili. Alijitazama moyoni akaona kwamba amemheshimu mkewe.

Gari la kuchukua ng'ombe lilikuja Oktoba, siku ya mvua nyembamba. Lahja aliwatoa mmoja mmoja, akimwita kila mmoja kwa jina, akimpa kipande cha mkate mweusi. Wa mwisho, Mustikki, alikuwa mzee na hakutaka kupanda ubao. Dereva akachukua fimbo.

"Weka chini," Lahja alisema.

"Mama, nina safari ndefu."

"Nimesema weka chini."

Akaweka bega lake nyuma ya ng'ombe, akamnong'oneza kitu, na Mustikki akapanda. Oiva alikuwa amesimama kando ya trekta, ambayo tayari ilikuwa na fremu mpya mbele. Nilikuwepo, nilikuja kusaidia, na hapakuwa na la kusaidia. Lahja alifagia zizi lote siku ile, akamwaga maji, akafagia tena. Kisha akaingia ndani na kuweka kahawa jikoni, vikombe vitatu, kama kawaida.

Baridi ile ya kwanza Oiva alikuwa mtu mwenye furaha, na hilo ndilo lililokuwa baya. Vidole vilianza kurudi. Aliiona barabara ikimjia usoni kwa mara ya kwanza tangu ujana. Theluji ilipanda mbele ya taa na kuanguka msituni kama nafaka inayopepetwa. Alimwona paa mkubwa wa msituni akivuka na ndama wake. Aliingia nyumbani na uso mwekundu, kofia ya manyoya mkononi.

"Mama, leo pale kwenye kona ya daraja nimeona mapambazuko yote. Yote! Miaka yote hii nilikuwa nimeyapa kisogo."

Lahja alikuwa amekaa dirishani. Bado aliamka saa kumi na nusu, mwili haukujua kwamba hakuna wa kukamua. "Vizuri," alisema.

"Ungekuja siku moja. Kiti cha pembeni kipo."

"Nikaone nini?"

"Theluji. Njia."

"Mimi nilikuwa na kumi na wanne walioniona mimi kila asubuhi," alisema Lahja. "Wewe nenda kaone theluji."

Hakupaza sauti. Oiva alivaa kofia yake tena, akatoka, ingawa barabara ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Mkutano wa barabara hufanyika Juni, wakati wenye nyumba za likizo wamefika, katika bwalo la shule ya zamani. Kura huhesabiwa kwa ukubwa wa kiwanja na matumizi ya njia, lakini nyumba zao ni nyingi hata kura zao hutuzidi sisi wenye moshi. Kulikuwa na kahawa na mikate ya iliki. Walimsifu Oiva, walimpigia makofi. Kisha akasimama bwana mmoja mhandisi kutoka mji wa Espoo, kusini, mtu mpole, shati limenyooshwa.

"Nina swali dogo tu," alisema. "Barabara ilikuwa ikifunguliwa kabla ya saa kumi na mbili kwa ajili ya gari la maziwa. Sasa gari la maziwa halipiti. Kwa nini bado tunafungua kila siku, saa ile ile? Kuna kampuni mjini, wana lori lenye jembe la theluji. Mara mbili kwa wiki. Inatosha."

Reino aliguna. "Na sisi tunaokaa huku?"

"Mara tatu basi," mhandisi alisema kwa ukarimu.

Watu walitazama vikombe vyao. Nilimwona Oiva akielewa. Hakuwa amelifikiri hilo hata mara moja: kwamba aliuza ng'ombe ili aweze kuifungua barabara, na barabara ilikuwa ikifunguliwa kwa ajili ya ng'ombe. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyehesabu ngazi vibaya gizani. Aligeuka, shingo yake sasa iligeuka kidogo, akamtazama Lahja. Nusu ya shamba iliandikwa kwa jina la Lahja. Kura zake, pamoja na zetu, zisingeshinda, lakini zingetosha kuahirisha uamuzi. Lahja alikuwa amesimama kando ya birika la kahawa.

"Kuna anayepinga?" mwenyekiti aliuliza.

Alisubiri pumzi moja. Akagonga meza.

Tulirudi kwa miguu, wao mbele yangu kidogo.

"Ungesema neno moja," Oiva alisema.

"Kwa ajili ya mashine ile?"

"Kwa ajili yangu, Lahja."

"Sikujua nianzie wapi kukutenganisha nayo," Lahja alisema.

Alijaribu kuiuza mashine. Hakuna mtu huku mwenye trekta yenye shafti ya mbele. Wote wana ya nyuma, na wote shingo zao zinaanza kupinda. Walikuja kuitazama, wakaisifu, wakanywa kahawa, wakaenda.

Sasa lori la mjini linapita Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Linakwenda kasi, na jembe lake linaacha tuta la theluji iliyobanana mlangoni mwa kila nyumba. Oiva anawasha trekta, anaiteremsha mashine nyekundu na kuliondoa tuta lake, kisha langu, kisha la Reino. Dakika kumi na mbili. Anarudi uani, anaizima injini, na anabaki ndani ya kibanda cha trekta, mikono mapajani, vidole vyote kumi vizima, mpaka kioo kinaingia ukungu na huwezi tena kumwona kutoka barabarani. Nilimuuliza mara moja kwa nini haingii ndani apate joto.

"Lahja yuko ndani," alisema.