Mapumziko Tuliyonyimwa Mahajanga

Mama mkubwa alipofariki mwezi uliopita, sikuwa na ujanja, ilinibidi nirudi Mahajanga. Nilikuwa nimeapa mguu wangu hautaukanyaga tena mji ule, na kwa miaka zaidi ya arobaini nilikishika kiapo changu barabara. Nikielekea msibani nikapita penye ule uwanja wa mpira wa kikapu. Siku hizi wanaegesha malori. Nguzo moja bado imesimama, haina ubao wala pete, na mtu amefunga kamba hapo ya kuanikia nguo. Nikasema moyoni, afadhali. Ndiyo, nilifurahi, sitakuficha ndugu yangu.

Miaka ya sabini ilikuwa inamalizikia, nami nina umri wa miaka kumi na sita. Sisi tulikuwa timu ya wasichana wa kisiwa cha Nosy Be. Uwanja wetu ulikuwa udongo mwekundu nyuma ya shule, nguzo zake mabomba mabovu kutoka kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, na upepo ukigeuka tulicheza ndani ya harufu ya maua ya langilangi mpaka kichwa kinagonga. Wageni wanaisifu sana harufu ile. Waje basi wakimbie nayo saa nane mchana, tuwaone.

Mwalimu wetu alikuwa kocha, refa na mshika saa, yote yeye. Kila timu ina haki ya kuomba mapumziko mara mbili katika kila kipindi, dakika moja moja, kocha aseme yake na wachezaji wapate pumzi. Lo, yule bwana alikuwa bahili wa mapumziko! Tulihema tukimtazama, naye anageuza uso. "Kilichobaki futari ni cha daku," ndio ulikuwa msemo wake, maana kwake mapumziko ambayo hatukuyatumia tuliyahamishia kwenye muda wa nyongeza, timu zikitoka sare. Ndivyo tulivyocheza nyumbani. Nani angebishana na mwenye filimbi?

Sasa nikueleze habari ya binti wa mama mkubwa. Namwita dada, kwa kuwa mama yake ni mkubwa kwa mama yangu. Kila likizo alikuja kutoka Mahajanga kwa bibi yetu, kule Ambanoro. Tulilala mkeka mmoja, tukatwanga mchele pamoja alfajiri, na bibi akioka mkate wa sinia tuligombania ukoko mpaka tukapigwa kwa mwiko. Nyumba ile ilizungumza Kimalagasi, na Kingazija bibi akikasirika. Dada ndiye aliyenifundisha kutupa mpira, jioni, tukilenga kikapu kibovu cha samaki kilichoning'inizwa ukutani. Na dada alichezea timu ya Mahajanga.

Tulipangiwa kukutana nao kwao, mwezi wa Ramadhani. Atakayeshinda angekwenda kucheza Antananarivo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika huko. Bibi aliniruhusu kwa shida. "Msafiri ana ruhusa ya kula," aliniambia, "lakini si msafiri wa mpira." Basi nikacheza na saumu yangu.

Mchezo ulichelewa kuanza. Jua la Mahajanga halina huruma, na sakafu ya saruji ilitoa moto hadi kwenye nyayo. Kipindi cha pili chote mwalimu hakuomba mapumziko hata mara moja, ingawa mwenzetu mmoja alikuwa anatapika pembeni. Tukatoka sare. Muda wa nyongeza ulikuwa dakika tano. Dakika ya kwanza tu mwalimu akaomba mapumziko, akatufokea, tukarudi na midomo mikavu, kwa kuwa jua lilikuwa bado halijatua.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, tukasikia adhana ya magharibi. Mpira ulikuwa umetoka nje, saa imesimamishwa. Mwalimu akakimbilia meza ya waamuzi, wote watu wa Mahajanga, kuomba mapumziko tufuturu. Wakasemezana kwa Kifaransa, ambacho sisi hatukukijua vizuri, na mtu wa mezani akatikisa kichwa. Mwalimu akarudi amekunja uso.

"Wametunyima," alituambia. "Tunayo mawili ya akiba, wameyala. Wanataka mfe na kiu."

Mchezo ukaendelea. Mwishoni kabisa, tukiwa nyuma kwa pointi moja, nikapewa mitupo huru miwili. Ulimi umenata, macho yanaona nyota. Nikakosa wa kwanza. Nikakosa na wa pili.

Filimbi ilipolia, dada akanijia na kopo la maji na tende tatu kiganjani. Nikalipiga lile kopo, maji yakamwagika miguuni pake. Nikamwambia awape wezi wenzake.

Tangu hapo nikamchukia, chuki ya kweli, na sikuona haya. Watu walioswali kibla kimoja nasi wametunyima maji ya kufuturia! Mwalimu alilisimulia jambo lile kila arusi ya Nosy Be, nasi tukatukana. Barua za dada nilizirudisha. Arusi yake sikwenda. Bibi alipokufa, dada akaja Ambanoro, mimi ndiye niliyewapakulia waombolezaji, na yeye nikamruka. Alikaa pale, mikono mitupu mapajani. Mwalimu naye alipokufa nililia kama nimefiwa na baba.

Mwezi uliopita, siku ya hitima, tulijikuta wawili tu uani tukiosha sahani. Nikaona nisiondoke bila kumchoma. Nikamwambia kwamba mimi ile kiu sijaisahau.

Dada hakuinua uso. "Mimi nilikuwa karibu na meza," alisema. "Walimwambia mwalimu wenu mapumziko ya kipindi cha pili huisha na kipindi cha pili, hayahamishwi. Alikuwa na moja tu la muda wa nyongeza, na alishalitumia. Ndiyo kanuni, hata sisi letu lilikuwa limekwisha. Akawaomba wasiwaambie ninyi."

Sabuni ikaniponyoka. Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwa nini basi hakuniambia miaka yote hii.

"Uliniuliza lini?"

Bibi hayupo, nyumba ya Ambanoro imeuzwa, na sisi wawili ni vikongwe, kila mmoja hajui hata mwenzake anapenda nini. Sahani zilikuwa bado nyingi. Akanisogezea beseni, tukaendelea kuosha.