Somo la Chembe Kwenye Mkeka wa Kilio

Mume wangu alipokufa, ndugu zake walivuka ziwa kutoka Kongo wakaniketisha kwenye mkeka, kwenye kona ya chumba. Mjane kwetu hatoki nje, hasalimii watu, hapandishi sauti isipokuwa ya kulia, mpaka watu wa marehemu wamwoshe na kumwachia huru. Mtoto naye hukaa na mama yake. Na binti yangu alikuwa na mtihani wa sayansi kesho yake, shuleni Nchelenge. Ukimpita, ndiyo basi tena shule.

Mlangoni alikaa mulamu wangu, dada mkubwa wa marehemu. Binti alipofungua kitabu, alimnyang'anya.

"Mu kilio batu habasomaka," alisema. "Baba yako alikufa, na weye unasoma?"

Nilikasirika mpaka meno yakauma. Kabla ya vita nilikuwa mwalimu wa sayansi kule Katanga. Huku kwenye kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa, nauza dagaa, na hakuna anayeniuliza nilisomea nini. Haya, kitabu wachukue. Nikaanza kumnong'oneza mwanangu sikioni, na kila mulamu alipogeuka nikaongeza kilio. Mungu anisamehe, ingawa machozi mengine yalikuwa ya kweli.

"Watazame wale wanawake," nilimwambia. Walikaa goti kwa goti, hakuna wa kuhama, wanatikisika tu kwa kulia. Ndivyo zilivyo chembe za kitu kigumu: kila moja inatetemeka mahali pake. Walipoinuka kwenda kula bukari, ugali wetu, walitoka wakigusana bado, lakini wakipishana. Hizo ni chembe za maji. Kisha harufu ya samaki wa moshi ikaingia kutoka jikoni, ikaenea chumba kizima hadi konani kwetu.

"Na gesi, mama?"

"Si hiyo unayoinusa? Chembe zake ziko mbalimbali, zinakimbia kila upande. Hazingojaka ruhusa ya mutu."

Aliuma kitenge asicheke. Mimi nilitamani kuwa harufu ile, nipenye hata kwenye ufa wa dirisha. Nilikuwa nakosa pumzi mle ndani.

Asubuhi alivaa sare chini ya kitenge. Nikamsihi mulamu kwa sauti ya chini.

"Mulamu, achilia mutoto. Examen iko leo."

"Examen itakuya tena. Baba yake hatakuya tena." Akanyoosha miguu, akaziba mlango.

Basi nikasimama. Nikaenda moja kwa moja mlangoni, peku, sijaoshwa. Mjane akitoka hivyo, kwetu wanaamini anawatolea ukoo mzima kifo kingine. Chumba kizima kilipiga kelele. Mulamu aliruka kutoka kizingitini akanidaka kiuno, wengine wakanishika mikono, nguo, nywele. Mlango ukabaki wazi. Nikamtazama binti yangu, nikamwonyesha nje kwa macho, akatoka mbio.

Walinirudisha kwenye kona. Wakasema sasa wamemjua aliyemuua kaka yao, na kuniosha hawanioshi. Siku chache baadaye wakapanda mtumbwi wakarudi kwao.

Binti yangu alifaulu. Mimi mpaka leo sijaoshwa. Wanawake wa kwetu wakiniona kisimani huondoa ndoo zao, nami huchota peke yangu.