Tulivyokwenda Kumwombea Yona Ruhusa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kidogo. Nawaandikia nilivyokwenda Buffalo na kurudi. Maneno yasiponyooka mjue shule yangu iliishia darasa la tatu, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Akili haikuishia hapo.

Safari ilitokana na mjukuu wangu Yona, mtoto wa binti yangu. Anacheza besiboli. Husimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo mipira mikali hupita chini chini. Yeye huinama, huudaka mpira na kuurusha kabla mkimbiaji hajafika. Alipomaliza sekondari timu kubwa ikamchagua, ikampa mpaka Ijumaa saa kumi na moja jioni: asaini aende kwao, au akatae aende chuo kikuu kilichoahidi kumsomesha bure. Yeye alitaka kusaini. Lakini baba yake alifariki, na mimi ni bibi mzaa mama tu. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake, hatoki nyumbani mpaka ndugu za baba yake wamtoe. Yona akaniambia kwa sheria ya hapa Marekani yeye ni mtu mzima. Nikamwambia sheria haitamzika. Akasema, "Bila wao sisaini, Bibi. Ila twende leo."

Jumatano asubuhi, nyumbani kwetu Louisville. Binti yangu alikuwa shifti, kwenye ghala la vifurushi, basi tukaondoka wawili, Yona akiendesha. Cincinnati tukavuka mto Ohio. Njia nzima mahindi kushoto, mahindi kulia, na hakuna mtu hata mmoja shambani. Sijui nani huyapalilia.

Columbus tulifika mchana, mtaa wa Linden, kwa Zabroni, mdogo wake marehemu. Ilibidi tuanzie hapo, maana kwetu humfikii mkubwa bila kupitia kwa mdogo. Tena mgeni hasemi kilichomleta mpaka mwenyeji amuulize. Anayesema bila kuulizwa amejidharau, na neno lake linaweza kuachwa sakafuni. Zabroni alitupokea vizuri, ugali na isombe, yaani kisamvu, habari za kanisa, habari za kwaya. Hakuuliza. Alhamisi akaenda kazini, akarudi, akaoga, akanieleza gari lake linavyosumbua kuwaka. Hakuuliza. Nami nikakaa kwenye kochi lake kama mzigo uliosahauliwa stesheni.

Alhamisi jioni, mezani, Yona akashindwa kuvumilia.

"Baba mdogo, timu inataka jibu kesho."

Zabroni alikuwa ananawa. Aliendelea kunawa mpaka maji ya birika yakaisha.

"Wewe nani kakuuliza?" Kisha akanigeukia mimi, macho chini, kwa heshima. "Mama, sikuuliza kwa sababu nikiuliza nitatakiwa kujibu. Marehemu aliniachia neno moja, mtoto asome. Mimi simtoi. Nendeni kwa mkubwa."

Ijumaa asubuhi tukashika barabara ya Buffalo. Nilimgombeza Yona mpaka Cleveland. Baada ya Cleveland ikaanza mvua, magari yakasimama kwa ajili ya matengenezo ya barabara, naye akawa anapigapiga usukani kwa vidole. Nikamwambia usukani haujamkosea. Hakucheka.

Kenmore, juu kidogo ya Buffalo, tulifika saa nane imeshapita. Hapo ndipo anapokaa Simioni, mkubwa wa ukoo. Akatuombea kwanza. Aliombea barabara, matairi, wagonjwa wote wa Kenmore, mpaka viongozi wa Burundi tulikotoka. Ikaja chai. Akauliza hali ya binti yangu, ya majirani zangu, ya goti langu. Kilichonileta hakukiuliza. Saa ya kwenye jiko ilipita tisa, ikaenda kumi. Simu ya Yona ikatetemeka mezani, akaigeuza uso chini. Mguu wake ulikuwa unacheza peke yake.

"Huyu mume wako mbona anatetemeka?" Simioni akaniuliza. "Umemnyima chakula?"

Nikamjibu kwamba kazoea kukimbia, kukaa hajui.

"Basi anionyeshe huo mpira wao."

Tukatoka nyuma ya nyumba, kwenye saruji ya kuegeshea magari, iliyopasukapasuka. Simioni aliushika mpira, akaupima mkononi, akaubamiza chini kwa nguvu zake zote, kama mtu mwenye hasira. Nadhani alikuwa nayo. Mpira ukagonga ufa ukaruka pembeni. Yona alikuwa ameshaufuata mbele, akaudaka ubavuni, mkono ukawa tayari kurusha. Simioni akaubamiza tena, na tena. Mpaka pumzi ikamwishia, hakuna hata mmoja uliopita.

"Unajuaje utakakorukia?"

"Sijui, baba mkubwa. Ndiyo maana naufuata. Ukiusubiri ukufikie, umechelewa."

Alikuwa anamjibu baba yake mkubwa, lakini neno lile lilinipiga mimi. Nimezeeka nikisubiri kuulizwa.

"Simioni," nikasema, "hujaniuliza, lakini nasema. Nimekuja unitolee huyu mtoto. Saa kumi na moja ikipita, imepita."

Akikataa sasa, hakuna mwingine wa kumwendea.

"Zabroni alinipigia jana," akasema. "Nami niliogopa kama yeye. Marehemu alitaka shule."

"Shule imo kwenye mkataba," Yona akasema. "Timu ikiniacha, itanilipia nisome."

"Na isipokuacha?"

"Nitasoma, baba mkubwa."

"Umesema mbele ya bibi yako. Huyu hasahau."

Akamwekea mikono kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, aliomba ombi fupi. Yona akasaini kwa kidole kwenye simu, pale pale, ameegemea gari. Saa kumi na moja ilikuwa inakaribia kabisa. Halafu akakaa chini kwenye saruji, akalia. Nilimwacha alie.

Jumamosi, kurudi, tulipita tena Linden. Zabroni hakutukaribisha ndani. Alitoka na mfuko wa isombe, akauweka nyuma ya gari, akafunga mlango. Yona akawasha gari. Ndipo Zabroni akagonga kioo.

"Unaondoka lini?"

"Jumatatu, baba mdogo."

"Nitakuja kukusindikiza."

Lilikuwa swali la kwanza alilotuuliza juu ya jambo lile.

Louisville tuliingia giza limeshashika. Binti yangu na watoto wake wengine walikuwa macho. Sikuvua hata kitambaa cha kichwa. Nikawaambia, "Tangu leo, mgeni akiingia nyumba hii, aulizwe kilichomleta kabla hajakaa. Chakula kitafuata."