Jetoni ya Daraja la Kwanza

Wiki niliyohangaika na kompyuta ya chumba cha baridi nilikuwa nimemnunia kila mtu nyumbani, paka akiwemo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Marehemu baba, aliyetengeneza redio hapa Kamembe, Rwanda, mpaka macho yakamchoka, alikuwa akinifukuza mezani kwake nikianza kugonga vitu kwa bisibisi. Alisema chombo hakina ugomvi na mtu. Sikumwamini, na hadi leo kuna siku simwamini.

Chumba hicho kiko ndani ya ghala karibu na ziwa. Ni cha ushirika wa akina mama wanaonunua sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, asubuhi, boti za kisiwa cha Nkombo zinapofika, kisha wanazivusha mpakani kwenda kuuza Bukavu, Kongo. Mkubwa wao ni mama mmoja mzaliwa wa huko Bukavu, mwenye sauti ya kuamrisha, na sisi sote tunamwita Maman. Yeye ndiye aliyeshika funguo. Siku moja mashine ya baridi ilizimika bila mtu kujua, samaki wote wakatupwa, na tangu hapo alikuwa akienda mwenyewe kusoma kipimo kila baada ya saa mbili. Hakumwachia mtu.

Binti yake ameolewa Bukavu, na wakati huo alikuwa na mimba ya pili, ya miezi tisa. Alipojifungua mtoto wa kwanza, Maman hakwenda. Aliogopa kuacha chumba. Alikuja kumwona mjukuu wakati mtoto tayari anajua kucheka. Aliponipa kazi alinisimulia jambo hilo mara moja tu, huku akitazama pembeni.

"Mara hii nataka nikuwe pale," alisema.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Ukutani nilifunga kompyuta ya kiwandani, sanduku la chuma lisilo na feni, linalovumilia unyevu na umeme wa kukatika-katika. Lingesoma vipimo vya baridi, naye Maman, akiwa popote, angefungua ukurasa kwenye simu yake na kuona ni nyuzi ngapi. Sanduku lilikuwa na njia mbili za mtandao. Moja ni kebo ya intaneti ya ghala, ambayo inapeleka habari nje lakini haipokei anayebisha hodi. Ya pili ni modemu yenye laini ya Kongo, ambayo niliiombea anwani yake yenyewe ili iweze kuitwa kutoka nje. Sisi wa mpakani hatukosi laini mbili hata kwenye simu ya tochi, kwa hiyo sikuona ubaya wowote.

Ubaya ulikuwa ndani. Programu ya ule ukurasa nilikuwa nimeifungia kwenye kontena, yaani chumba chake peke yake ndani ya kompyuta, chenye anwani yake ya ndani, ili ikiharibika isiziharibu nyingine. Nikiwa ghalani, ukurasa ulifunguka. Nikimpigia binti wa Maman ajaribu kutoka Bukavu, aliona duara linazunguka tu. Ikapita Jumatatu, ikapita Jumanne. Maman alikuwa ameshafunga kapu lake, vitenge vya kumbebea mtoto na sabuni, akaliweka mlangoni, na kila nikiingia ilinibidi nilivuke.

Jumatano nilikaa kuchungulia pakiti za mtandao, vile vipande ambavyo habari husafiri navyo, moja moja. Swali la simu lilifika kupitia modemu, likaingia kwenye kontena, kontena likajibu vizuri kabisa. Kisha jibu likaondoka kupitia kebo ya ghala, kwa sababu hiyo ndiyo niliyoiandika kuwa njia kuu ya kutokea. Huko nje halikutambuliwa na yeyote, likatupwa. Nilifurahi kuuona ugonjwa. Nikaandika kanuni: chochote chenye anwani ya modemu kitoke kwa modemu. Nikaijaribu kompyuta yenyewe, ikaitika hadi Bukavu. Nikaujaribu ukurasa: kimya. Niligonga meza kwa bisibisi mpaka Maman akaja kuniuliza kama nataka kumvunjia meza.

Alhamisi asubuhi, mmoja wa wenzake Maman anayevusha beseni la sambaza kila siku aliingia amekasirika kuliko mimi. Jana yake alikuwa amevuka kwa daraja la kwanza la mpakani, akaacha karte yake ya kitambulisho pale na kupewa jetoni, kibati chenye namba cha kuidai akirudi. Wakati wa kurudi alipata lifti hadi daraja la pili, akaona amepumzisha miguu. Pale maofisa wa mpaka wakamgeuza arudi alikopitia. Wenzake walicheka, na Maman alicheka kuwapita wote. Mimi nikamwuliza kwa nini wasimpitishe, ilhali miaka yote hii wanamjua, na nyumbani kwake ni hapa hapa.

"Habaulize kwako ni wapi," alinijibu. "Kila muntu pale ananijua. Banauliza tu, uliingiliaka wapi? Jetoni ndiyo inasema."

Niliweka kikombe cha chai chini, nikafungua kompyuta. Kanuni yangu ilikuwa ikiliuliza jibu kwao ni wapi. Na jibu, wakati linachaguliwa njia, lilikuwa bado na anwani ya ndani ya kontena. Ile ya modemu hupewa mwishoni kabisa, linapotoka. Ndiyo maana kanuni ililiacha lipite njia kuu. Nilitakiwa niache kuuliza anwani. Kila mazungumzo yanayoingilia kwenye modemu yatiwe alama pale pale mwanzoni, na jibu lenye alama hiyo lirudi kwa modemu, hata litoke kontena gani.

Ilikuwa mistari michache tu. Nikampigia binti, akafungua ukurasa, akasema nyuzi mbili. Maman hakushangilia. Alifungua mlango wa chumba cha baridi, akasimama pale akiushikilia wazi, simu sikioni, mpaka binti yake akasema tatu, kisha nne. Ndipo alipoufunga. Alinikabidhi funguo bila hotuba, akachukua kapu lake, akashika njia ya mpakani.

Siku mbili niliziona ziara zake zote, maana kompyuta huandika kila swali linaloingia. Maman alikuwa akichungulia kila nusu saa, wala sikucheka, kwa kuwa na mimi nilikuwa nachungulia kama anachungulia. Jumamosi, kuanzia saa nne asubuhi, maswali yakakatika. Moja kwa moja nikailaumu kanuni yangu. Nikakimbia ghalani, nikakagua modemu, nikakagua alama, nikakagua kontena. Kila kitu kilikuwa kizima. Ilinichukua muda, mimi na kichwa changu kigumu, kuelewa kwamba hakuna kilichoharibika. Maman alikuwa haangalii tu.

Saa tisa alasiri simu yangu ililia.

"Ni mutoto mwanamuke," alisema. Sauti yake ya kuamrisha haikuwepo. "Nilikuwa pale. Hata samaki nilizisahau."

Nilimwambia samaki wako salama, nyuzi mbili. Kisha nikaingia chumba cha baridi kuhakikisha kwa macho yangu, na humo ndani nikalia kidogo.