Chatu wa Mwajabu Kasusa Kula

Pale Kibiti ukimuulizia Mwajabu, kwanza utaulizwa wewe: wa nywele au wa nyoka? Usihangaike, ni huyo huyo mmoja. Katikati ya wiki anasuka watu nywele nyuma ya stendi. Wikiendi anaingia harusini na chatu shingoni, ngoma ya kikundi cha Mzee Bashiru inalia, na wanaume wazima na ndevu zao wanapanda juu ya viti. Woga? Siku woga unagawiwa, Mwajabu alikuwa saluni.

Chatu mwenyewe anaitwa Bosi. Mrefu, mpole, mvivu, kama mabosi wengine tu. Ni wa kikundi, ila anakaa kwa Mwajabu kwa kuwa ndiye anayejua kumlisha. Sasa fikiria aibu ya Mwajabu, Bosi alipogoma kula.

Na aligoma kweli. Kaletewa panya wa mashine ya mpunga, wamenona kwa pumba, kaficha kichwa. Kaletewa kifaranga, kakigeuzia mgongo, na nyoka mgongo anao wa kutosha. Mpaka ngozi ikaanza kumlegea ubavuni kama suruali ya kuazima.

Mzee Bashiru akaja kumtazama, akatikisa kichwa. "Mwanangu, Ijumaa nikimkuta hivi namchukua, nampeleka Ikwiriri kwa Warda. Siwezi kukaa namtazama mnyama anakufa."

Warda! Yule anayecheza na nyoka kafumba macho kwa woga! Mwajabu akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

"Atakula, Mzee. Huyu nikimwambia kula, anakula."

"Haya, mwambie," akasema Mzee Bashiru, akaenda zake.

Hafsa, wifi yake anayekaa naye nyumba moja, alikuwa mlangoni anasikiliza kila kitu. Angeachaje?

"Wifi, nyoka mwenyewe kakikataa chakula chako. Kaka yangu ndio masikini, hana pa kukimbilia."

"Kaka yako muulize mkanda wake, umebakiza tundu ngapi."

Sasa Mwajabu alikuwa na utaratibu wake. Kwake yeye, kinachokwenda harusini lazima kinukie. Bi harusi anafukizwa, nguo zinafukizwa, Bosi ni nani asifukizwe? Kila jioni chetezo cha udi chini, kapu la Bosi juu, moshi unapanda taratibu. "Chatu wangu ananukia kuliko bwana harusi," ndiyo majigambo yake mjini. Bosi aliposusa kula, akaona labda ni kijicho cha watu, akaongeza fukizo la asubuhi. Chumba kizima kikawa kinanuka kama fungate.

Alhamisi mchana Hafsa akaingia na sahani yake ya wali na samaki, akakaa karibu na kapu ili aendelee kuchokoza. Tonge la kwanza, akasimamisha taya.

"Wifi, huu wali siuwezi. Kila tonge udi. Hivi mimi nakula au naolewa?"

Mwajabu akacheka. Halafu akaacha ghafla, akafunua kapu.

Ulimi wa Bosi ulikuwa unachungulia na kurudi, unachungulia na kurudi, kama wa mtu anayeonja chai ya moto. Nyoka ananusa kwa ulimi. Hilo Mwajabu analijua siku zote, na huwatambia nalo watoto wa mtaani. Na wale panya wote aliwashika kwa mikono gani? Hii hii, ya udi na mafuta ya nywele. Kumbe Bosi alikuwa haletewi panya. Alikuwa analetewa marashi yenye mkia!

"Wifi, nimeshamjua aliyemfanyia nyoka wangu."

"Nani?"

"Mimi. Inuka, tafuta gunia."

Bosi akahamishiwa kibanda cha mpunga uani, ndani ya tenga kuukuu ambalo halijawahi kuona moshi. Mwajabu akasugua mikono kwa majivu mpaka viwiko, akasuuza, akasugua tena. Panya mpya, aliyekwisha kufa, akamweka juani apate joto kidogo, kisha akambeba kwa jani la mgomba bila kumgusa hata unywele. Akamweka mbele ya Bosi, akafunika gunia.

Hafsa akainama kuchungulia. Akavutwa kanga.

"Mtu akila hatazamwi mdomoni. Hukufundwa?"

Wakangoja nje, wanagombana kwa kunong'ona. Baada ya alasiri Mwajabu akafunua gunia. Panya hayupo. Katikati ya Bosi kuna kivimbe kizuri, kama mtu kaficha embe kwenye soksi.

Hafsa akapiga kigelegele, majirani wakaja mbio wakidhani kuna mtu kajifungua.

Ijumaa baada ya swala Mzee Bashiru akafika na kapu lake la kuchukulia. Mwajabu akampeleka kibandani, akafunua, akakunja mikono kifuani. Mzee akatazama kile kivimbe, akatabasamu, akainama amnyanyue.

"Usimguse, Mzee! Kashiba. Ukimtikisa atatapika, turudi kule kule."

"Sasa kesho je? Harusi ya kule Dimani watu wanamsubiri nyoka!"

"Bosi yuko likizo. Nitaingia mwenyewe."

"Bila nyoka?"

"Wewe piga ngoma, Mzee," akasema Mwajabu, anamfunika Bosi gunia polepole. "Kupanda juu ya viti watapanda tu."