Robo Iliyovuka Rusizi

Roboti yangu ya kwanza niliitengeneza kwa mabaki ya nyaya za nyumba ya kwanza niliyoifungia umeme baada ya kurudi Rwanda. Nimekulia ng'ambo ya mto Rusizi, Bukavu ya Kongo, nikasomea umeme huko hadi nikapata diploma, na diploma hiyo ndiyo mali pekee niliyovuka nayo mpaka. Leo ukisimama hapa Kamembe, mpakani, taa zinapowashwa, nyingi kati ya hizo unazoziona zimepita mikononi mwangu. Hakuna mjomba wala mkubwa aliyenishika mkono. Nasema haya ili ieleweke kwamba kile kitu chenye urefu wa kidole cha kati hakikuwa kitu cha watoto kuchezea. Kiwiliwili chake kilikuwa kipande cha swichi kuu iliyoungua, mabega yake vile vidude vya kuunganishia nyaya ambavyo sisi mafundi tunaviita domino, na mikono na miguu yake ilikuwa ya shaba niliyoisuka mwenyewe.

Mchezo wenyewe ni wa vita vya roboti kubwa, ingawa mezani zinakuwa ndogo. Unaisogeza yako kwa kupima na futi ya kamba, unarusha dadu kuona kama umempiga adui, na kila ukifyatua silaha roboti inapata joto. Joto likizidi inajizima, inabaki imesimama kama nguzo, na adui anakuja kuimaliza kwa raha zake. Mimi ndiye niliyeuleta mchezo huu Kamembe. Nilisoma kanuni zake kwa Kifaransa, nikazipunguza, nikaziandika kwa Kiswahili kwa penseli ya seremala juu ya ubao, tukautundika ukutani kwenye karakana tunamochezea.

Karakana ni ya rafiki yangu seremala, Mwislamu wa hapa Kamembe, ambaye Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwao tangu babu yake. Yeye ndiye mwenzangu kikosini. Watu wote wa huku, kwa kuzoea Kifaransa, roboti wanaiita "robo", na yeye hachoki kuwatania.

"Kila siku mnasema robo, robo. Hizo robo tatu nyingine mmezificha wapi?"

Tulikuwa tunacheka.

Wapinzani wetu walitoka Bukavu: mama mmoja fundi wa cherehani na shemeji yake, bwana wa makamo, fundi wa simu. Huyo mama ndiye aliyeleta desturi ya dhamana. Siku moja aliniambia nitie kanuni yake kwenye ubao, nami nikaandika kama alivyoitamka: "Aliyeshindwa anaacha robo kwa mshindi mpaka mchezo unaofuata." Na mshindi ndiye anayechagua. Mara ya kwanza alichagua roboti ya seremala. Ikavuka naye, halafu njia ya kupita mpakani ikawa ngumu, na ile roboti ikakaa huko mpaka mwenyewe akaanza kuitaja kama mtu anavyomtaja marehemu. Iliporudi ilikuwa na mguu mmoja.

Tangu siku hiyo kila tulipocheza niliiweka ile yangu ya shaba nyuma ya wenzake. Nilijua mama yule akishinda tena atachagua ipi.

Jumapili ninayoikumbuka walifika mapema kwa daraja la mpakani la Rusizi ya Pili, viatu vimejaa vumbi. Seremala alimpokea fundi wa simu akiwa na futi mkononi.

"Leo utatembea inchi ngapi?"

Kwa huko kwao inchi ni nchi, kwa hiyo yule bwana alijikung'uta vumbi magotini. "Inchi? Tangu asubui nimeshapita mbili, na yote kwa miguu! Leta kiti kwanza."

Mimi ndiye niliyependekeza tuongeze vikosi. Siku zote tulikuwa tunacheza roboti nne kwa nne. Nikasema watu wa kiwango chetu hawawezi kuendelea na nne. Leo ziwe nane kwa nane, nane ndizo zitakazoonyesha nani ana akili ya mipango. Mama cherehani alitoa roboti zake kwenye kitambaa moja moja, akazipanga.

"Sawa, Papa Diploma," akasema. "Nane. Na ile yako ya shaba iko wapi? Ah, nimeiona. Inapendeza."

Neno hilo "inapendeza" liliniharibia mchana mzima.

Nikaiweka nyuma ya kipande cha mninga kilichokuwa jengo letu. Seremala, ambaye akishika dadu hasikii la mtu, alitangulia mbele akafyatua silaha zote kwa mpigo. "Joto!" nikamwambia. "Hesabu joto!" Hakuhesabu. Roboti yake ikajizima katikati ya uwanja, na fundi wa simu akaimaliza kwa kutupa dadu mara moja.

Nilidhani tunaendelea. Nikanyoosha mkono kuchukua dadu, lakini mama cherehani alikuwa ameshaanza kukunja futi yake.

"Inaisha. Mumeshindwa."

"Nani ameshindwa? Tumepoteza moja kati ya nane!"

Akaelekeza kidole ukutani, kwenye mwandiko wangu: "Kikosi kikipoteza robo, kimeshindwa."

"Soma, Papa. Si weye mwenyewe njo uliandika? Robo moja imekufa. Kwisha."

Damu ilinipanda masikioni. Robo, nikamweleza, ni sehemu moja kati ya nne. Ndivyo nilivyokusudia: kikosi kikipoteza robo ya nguvu zake kimevunjika, hata majeshi ya kweli ni hivyo. Katika nane, robo ni mbili. Tulipokuwa tunacheza nne nne, robo ilikuwa roboti moja, ndiyo maana hatukuwahi kugombana.

"Shiye kule sehemu ya ine tunasema *kare*," akajibu fundi wa simu. "Robo ni robo. Hii hapa, iko na miguu."

"Uliza mwenye Kiswahili chake," nikasema, nikamgeukia seremala.

Seremala alikuna ndevu. "Robo ni sehemu ya nne, wallahi. Lakini ndugu yangu, mimi nami hapo kwenye ubao nilikuwa nasoma roboti. Nilijua wewe ni mtu wa Kifaransa."

Mwenzangu mwenyewe! Nilitazama nje, kivuli cha karakana ya jirani kilikuwa kimeshafika mlangoni, na hawa watu walikuwa na mpaka wa kuwahi kabla haujafungwa. Nikaogopa wataondoka sasa hivi, na roboti yangu ndani ya kitambaa. Nikasimama wima nikasema sikukaa darasani miaka yote ile ili nifundishwe neno nililoliandika mwenyewe. Robo ni sehemu moja kati ya nne, basi.

Mama cherehani alinitazama bila kukasirika, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

"Sawa," akasema. "Robo ni sehemu moja ya ine. Ku ubao yote?"

"Ubao wote."

"Bashahidi banasikia?"

Seremala na fundi wa simu wakaitikia kwamba wamesikia. Akakunjua futi.

Tulicheza. Niliangusha dadu chini mara kadhaa, tukawa tunazitafuta kwenye maranda. Nilicheza kama mtu anayelinda mlango: roboti yangu haikutoka nyuma ya mninga, nyingine zote nikazipanga kuizunguka. Mama yule hakuikimbilia. Alizigonga zile za pembeni polepole, akasubiri moja ipate joto la kutosha, akaifyatulia. Ya pili ikaanguka. Mbili kati ya nane. Hata kwa Kiswahili changu mimi, tulikuwa tumeshindwa.

Akaenda moja kwa moja nyuma ya mninga, akaiinua ile ya shaba, akaisimamisha kiganjani.

"Ubao unasema munaacha robo. Na robo, Papa Diploma amesema, ni sehemu moja ya ine." Akaanza kuhesabu kwa kugusa. "Mukono, mukono, muguu, muguu. Ine. Moja njo yangu. Unachagua weye, ama ninachagua miye?"

Fundi wa simu aliinama akicheka mpaka akashika meza. Seremala, ambaye hadi leo anaapa kwamba alikuwa upande wangu, akasema, "Msumeno mdogo uko hapo nyuma yako."

Sikucheka. Shaba ile niliisuka uzi mmoja, kutoka mkono mmoja hadi wa pili, ukapita kifuani mpaka miguu yote miwili. Ukikata popote, yote inafumuka.

"Beba yote," nikasema.

"Yote? Na Kiswahili yako?"

"Kiswahili changu ni sahihi. Beba yote."

Akaifunga kwenye kitambaa, wakaondoka kwa haraka. Nikawasindikiza mpaka njiani, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Kazi zangu nyingi wakati huo zilikuwa upande wa Nyakabuye, mwendo wa gari kutoka mjini. Kila niliposikia abiria wenzangu wakizungumza habari za mpaka nilitega sikio: umefunguliwa, kuna foleni, wanarudisha watu. Nilikuwa nikimtumia mama cherehani ujumbe wa salamu, nikiulizia watoto, nikiulizia biashara, na yeye alijibu kuhusu watoto na biashara tu. Ubao sikuufuta. Niliandika sawa, na sitafuta kitu nilichoandika sawa.

Siku ya mchezo uliofuata walichelewa. Seremala alipiga randa yake bila kuniangalia. Walipoingia hatimaye, niliacha hata kusalimia.

"Ni nzima?"

"Kwanza *bonjour*, Papa."

"Bonjour, Maman. Ni nzima?"

Akakifungua kitambaa juu ya meza. Mikono miwili, miguu miwili, shaba imesuguliwa ikang'aa. Na kwenye mkono wa kushoto, imefungwa kwa uzi mweusi wa cherehani bila kukatwa popote, kulikuwa na bobini ya chuma, kile kigurudumu cha kuzungushia uzi cherehanini, imekaa kama ngao.

"Uliacha nzima," akasema. "Nimeongeza robo. Sasa iko moja na robo, kwa Kiswahili yako."

Niliishika. Ilikuwa imepata uzito, na ilisimama vizuri kuliko nilivyoitengeneza, ingawa hilo sikulisema. Kisha nikamwona anakunjua futi yake, macho yake tayari yako juu ya ile bobini, nami nikaipeleka roboti yangu nyuma kabisa ya meza, mbali na inchi zake zote.