Sanduku la Mama Hodi
Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni kwamba alilipigia sanduku hodi. Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza maabarani, shahada yangu bado haijapata fremu. Mwanamke wa makamo, kofia ya nywele imemshuka hadi kwenye nyusi, aligonga kioo mara mbili, akasema, "Hodi, wanangu!" Akafungua mlango, akachungulia, kisha akafunga taratibu kama mtu aliyeacha mtoto mchanga usingizini.

Wanawe walikuwa seli, zimetandazwa kwenye visahani. Sanduku lile hubakiziwa oksijeni kidogo mno, ili tuone seli hufanya nini zikibanwa pumzi. Wenzake walimwita Mama Hodi. Alikuwa ameosha chupa miaka tisa kabla ya kukabidhiwa sanduku, na sasa kwa wiki tatu majibu yalikuwa matupu. Daktari mkuu alishasema wazi: Ijumaa yakitoka matupu tena, anarudi kwenye chupa.

"Mama, kwani unafungua mara ngapi kwa siku?" nilimuuliza.

"Sita, saba. Siku ya joto hata kumi. Wewe ukifungiwa humo hutapenda mtu akujulie hali?"

Nilivuta kiti nikamweleza, kwa kirefu kuliko ilivyohitajika. Seli hutengeneza protini fulani ya tahadhari wakati wote. Oksijeni ikiwepo, protini hiyo hutiwa alama na kuvunjwa papo hapo. Oksijeni ikipungua, alama haiwekwi. Protini inabaki, inajazana, inaingia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni za dharura: mishipa mipya ya damu iitwe, sukari itumike kwa njia isiyohitaji hewa. Ukifungua mlango, dakika chache tu imeshavunjwa yote.

Alijipiga paja.

"Huyo ni shemeji yangu! Gesi ikiwepo jikoni, kila akitia mguu tunamtimua. Gesi ikiisha, hakuna wa kumtimua. Anaingia mpaka chumbani kwa mama mkwe, anaamsha watu: wewe kuni, wewe mkaa, wewe acha kulala!"

"Ndiye hasa," nilisema, nikisikitika kwamba chuoni hatukufundishwa kwa mashemeji.

"Kumbe wiki tatu nampelekea mtungi wa gesi."

"Mara kumi, siku za joto."

"Nyamaza, mwanangu. Nimeelewa."

Tangu hapo alifunga kitasa kwa bandeji, mafundo manne. Hodi hakuacha, ila aliipiga kupitia kioo: "Vumilieni, msinitie aibu!" Jumatano mfagiaji aliegemea ule mlango kidogo tu, alikemewa hadi akasahau ufagio wake.

Ijumaa Mama Hodi aliingiza mikono kwenye glavu zilizoshikizwa ukutani mwa sanduku, akazivunja seli mle mle ndani, hewa isipate hata upenyo. Tulizitenganisha protini, na sasa sote watatu, pamoja na daktari mkuu, tumesimama mbele ya kompyuta. Protini ikiwepo, utatokea mstari mweusi. Picha inajitokeza polepole, kijivu juu ya kijivu. Zimebaki dakika nne.

Mama Hodi amesogea. Anagonga kioo cha kompyuta mara mbili.

"Hodi, shemeji."

"Shemeji gani tena?" anauliza daktari.

"Shh! Subiri aitike."